Kufika Kituoni na Kupata Tiba: Tunachopaswa Kuhesabu Katika Afya ya Msingi

Ndugu Mwenyekiti, waganga wakuu wa mikoa na halmashauri, waratibu wa MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), waganga wafawidhi wa vituo vya afya na zahanati, watakwimu, na nyote mliofika,

Naomba nianze na namba tatu ambazo zingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Zinatoka katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa Tanzania, ule wa 2015-16 na ule wa 2022. Akina mama waliojifungulia katika kituo cha kutolea huduma za afya walikuwa asilimia 63. Wakapanda hadi asilimia 81. Watoto waliofariki kabla ya kutimiza miaka 5 walikuwa 67 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Wakashuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa, na wengi wenu humu ndani mmeyatolea jasho. Namba ya tatu ni ya watoto wachanga, wale wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Walikuwa 25 kwa kila 1,000. Mwaka 2022 walikuwa 24.

Tuliwaita akina mama, wakaja. Waliacha kujifungulia nyumbani, wakapanda bodaboda usiku, wakalala kwa ndugu karibu na kituo wakisubiri uchungu. Lakini vifo vya vichanga havikusogea ilivyotarajiwa. Uhai wa kichanga, hasa katika saa 24 za kwanza, hutegemea sana mikono ya mhudumu aliyepo: mtoto asiyelia apuliziwe hewa ndani ya dakika ya kwanza, njiti awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni yasikilizwe kila nusu saa wakati wa uchungu. Katika jedwali letu la mwezi, mama aliyefanyiwa hayo yote na mama ambaye hakufanyiwa hata moja wote wanahesabiwa "amejifungulia kituoni".

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 2018 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Margaret Kruk na Muhammad Pate iliangalia nchi 137 za kipato cha chini na cha kati. Ilikadiria kuwa vifo milioni 8.6 kwa mwaka vingeweza kuzuiwa na huduma za afya. Kati ya hivyo, milioni 3.6 ni vya watu ambao hawakufika kwenye huduma. Milioni 5 ni vya watu waliofika, wakapokelewa, na huduma waliyopewa ikawa duni. Waliofika ndio wengi. Kwa hiyo mfumo wa kupima unaoishia mlangoni mwa zahanati unaliacha nje fungu kubwa zaidi la tatizo.

Ninachokuja kuomba leo ni kimoja: kipimo chetu kimfuate mgonjwa hatua kwa hatua mpaka kwenye tiba sahihi, na kila hatua iwe na namba yake. Tuseme kuna watoto 100 wenye nimonia katika kata. Themanini wanapelekwa kituoni. Kati ya hao 80, asilimia 80 wanamkuta mhudumu aliyesomea kazi. Kati ya waliomkuta, asilimia 80 wanachunguzwa ipasavyo na nimonia inagunduliwa. Na kati ya waliogunduliwa, asilimia 80 wanaondoka na amoksilini ya kutosha na maelezo ya namna ya kuitumia. Kila hatua ukiitazama peke yake inaonekana nzuri, asilimia 80, mtu anaweza kuiandika kwenye ripoti kwa fahari. Zidisha zote nne: watoto 41. Wengine 59 wamepotea njiani, na ripoti ya mwezi imesema tuko kwenye asilimia 80.

Nianze na kufika kwenyewe. Tangu Azimio la Arusha la 1967 sera yetu imekuwa kusogeza huduma vijijini, na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 uliweka shabaha ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kipimo tulichorithi ni kilomita 5. Mtu anachukua ramani, anachora duara kuzunguka zahanati, anahesabu watu walio ndani. Duara hilo halijui mto. Halijui kwamba katika Bonde la Kilombero njia ya Julai si njia ya Aprili, wala kwamba mama wa kisiwa kidogo cha Ukerewe anahesabu safari kwa mtumbwi na upepo. Mtu mzima aliyebeba mtoto mgonjwa hutembea kama kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Kilomita 5 za njia nyoofu ni zaidi ya saa moja, na njia huwa si nyoofu.

Tupime muda. Rejesta ya vituo ya Wizara ina majira ya nukta (latitudo na longitudo) ya vituo vyetu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2022. Ukiweka juu yake barabara, mito na miinuko, programu ya ramani inakupa dakika za kutembea, za bodaboda na za gari, kwa kiangazi na kwa masika, kila moja na ramani yake. Kabla ya hapo, kagueni majira ya nukta ya kila kituo. Kosa la kawaida ni kituo kuandikiwa nukta ya ofisi ya halmashauri kwa sababu fomu ilijazwa mjini, na kosa lingine ni tarakimu za latitudo na longitudo kubadilishana nafasi. Zahanati inayoonekana katikati ya ziwa ni rahisi kuigundua. Ile iliyosogea kilomita 7 kwenye kata ya jirani haigunduliki mpaka mtu anayeijua aitazame ramani.

Kufika pia ni pesa na saa za kazi. Sera inasema wajawazito na watoto chini ya miaka 5 hawalipii. Muulize mama jumla ya fedha zilizomtoka siku ile: nauli, glavu, dawa alizoandikiwa akanunue duka la dawa, chakula cha aliyemsindikiza. Uliza kila kitu kivyake, kwa sababu ukiuliza "ulilipa kiasi gani?" atataja cha dirishani tu. Na kwa dharura za uzazi, sasa tuna namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ambapo mratibu anaita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Pale data nzuri ipo tayari: saa ya kupiga simu, saa gari lilipoondoka, saa mama alipopokelewa. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Wastani wa halmashauri hautusaidii hapa. Tazameni wale waliochelewa kuliko wote, mmoja mmoja, na kijiji walikotoka.

Sasa niingie kwenye jambo linalotuvurugia hesabu kuliko yote, nalo ni asili ya sehemu, ile namba ya chini tunayogawia. Wengi mmeona kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta tunaoingizia ripoti za vituo, chanjo ya asilimia 118, au uzazi wa kituoni wa asilimia 130. Mtu anacheka, anafunga kompyuta. Lakini kicheko hicho kinaficha jambo zito. Tuseme kata A, yenye soko na kituo cha afya, ina makadirio ya watu 12,000. Tukichukulia kuwa wanaozaliwa kwa mwaka ni asilimia 3.6 ya watu, tunatarajia watoto 432. Kituo kimezalisha akina mama 520: asilimia 120. Kata B ya jirani ina watu 9,000, matarajio ni 324, zahanati imezalisha 150: asilimia 46. Mganga wa A anapongezwa, muuguzi wa B anaitwa ajieleze. Unganisha kata mbili: 670 kati ya 756, yaani karibu asilimia 89. Wanawake wa B wanavuka kwenda A. Huenda wana sababu nzuri, na sababu hiyo ndiyo inayohitaji kutafutwa: zahanati ya B haina maji? Haina mkunga usiku?

Kwa hiyo kiashiria cha matumizi ya huduma kisomwe katika ngazi ya halmashauri au kundi la kata zinazopakana, na chini ya hapo itumike idadi halisi na mwelekeo wake wa miezi 12, bila asilimia. Pia hakikisheni makadirio mnayotumia yameanza na Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Nchi ilikuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012. Halmashauri zilizogawanywa katikati ya sensa hizo mbili, na zile zilizopokea wahamiaji wengi, hasa kandokando ya miji, zilibaki na asili iliyokosewa miaka mingi, na asilimia zao za kipindi hicho hazifai kulinganishwa na za sasa bila kurudiwa kukokotolewa.

Kuhusu namba ya juu, ile ya waliohudumiwa, chanzo chake ni vitabu vya MTUHA: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha leba. Ubora wa taarifa za taifa zima unaanzia kwenye meza ya muuguzi mmoja mwenye foleni ya watu 40. Ukaguzi wake ni wa kawaida na kila halmashauri inaweza kuufanya. Chagua miezi mitatu iliyopita. Hesabu upya kutoka kitabuni, wewe mwenyewe, kwa kalamu. Gawanya ulichohesabu kwa kilichoripotiwa. Ikiwa kitabu kina uzazi 40 na ripoti inasema 48, jibu ni asilimia 83. Kiwango kinachokubalika ni kati ya 90 na 110. Chini ya 90 kituo kimeripoti zaidi ya kilichofanyika; juu ya 110 kimeacha wagonjwa nje ya ripoti. Kisha linganisha karatasi ya ripoti na kilichomo kwenye DHIS2, maana makosa mengine yanaingia pale mtu anapochapa.

Sababu hurudia zilezile. Kitabu kimejaa, muuguzi ameanza daftari la mkono lisilo na safu zote. Jumla za chini ya ukurasa zimebebwa mara mbili. Mama aliyejifungulia njiani akaletwa kituoni ameandikwa kama aliyezalia kituoni. Ripoti imeandikwa usiku mmoja kwa kukisia kwa sababu wodi ilikuwa na mtu mmoja mwezi mzima. Na kuna kisanduku kitupu. Kituo kisichokuwa na kifo cha mama kiandike 0. Kikiacha wazi, hakuna anayejua kama hapakuwa na kifo au hapakuwa na mwandishi. Kompyuta ikijumlisha, vyote viwili vinakuwa sawa. Napendekeza mratibu wa MTUHA akatae ripoti yenye visanduku vitupu kwenye vifo, rufaa na dawa zilizokwisha, na airudishe siku hiyohiyo kwa simu, kwa heshima, bila ukali. Mkikemea mtu kwa kisanduku kitupu, mwezi ujao atawaletea sifuri za uongo.

Nije kwenye utayari wa kituo. Hapa vipo vipimo vizuri vilivyokubaliwa kimataifa. Vifaa vya msingi ni sita: mizani ya mtu mzima, mizani ya mtoto, kipimajoto, stetoskopu, mashine ya presha na chanzo cha mwanga cha kumchunguzia mgonjwa. Mkaguzi asikubali jibu la "kipo". Akione, na akione kinafanya kazi siku ile. Mashine ya presha iliyokwisha betri na mizani iliyofungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ameondoka nao mtu aliye semina, vyote ni "havipo" kwa mgonjwa wa leo.

Dawa ni hivyohivyo. Mkaguzi anataka kuona angalau kopo au kichupa kimoja kisichopita muda wake. Lakini uwepo wa siku ya ukaguzi unadanganya, hasa ukaguzi ukifuata siku chache baada ya mgao wa Bohari ya Dawa. Fungua kadi ya stoo, hesabu ni siku ngapi ndani ya miezi mitatu iliyopita salio lilikuwa sifuri. Na dawa moja naitaja kwa jina kwa sababu inagusa uhai wa mama moja kwa moja: oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba ili mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Vituo vingi vina jokofu la chanjo, lakini oksitosini inakutwa kwenye trei ya leba au kabatini kwa sababu aliyepokea mzigo aliambiwa jokofu ni la chanjo tu. Kwenye fomu ya ukaguzi ni alama ya vema: dawa ipo. Kwenye mshipa wa mama anayetokwa damu inaweza isifanye kazi. Ongezeni swali moja kwenye fomu: iko wapi, na kipimajoto cha hapo kinasoma ngapi?

Tahadhari nyingine ni wastani. Ukiambiwa upatikanaji wa dawa 10 za kiashiria ni asilimia 90, inawezekana kila zahanati imekosa dawa moja na hakuna hata moja yenye zote. Inawezekana pia vituo tisa vina zote na kimoja hakina kitu. Hizo ni hali mbili tofauti na zinahitaji hatua tofauti. Toeni namba mbili kila mara: wastani, na idadi ya vituo vyenye dawa zote siku hiyo.

Kwa dharura za uzazi msihesabu vifaa. Hesabuni kazi zilizofanyika. Kituo cha huduma za msingi za dharura ya uzazi kinatambuliwa kwa kazi saba: sindano za antibayotiki, za kukaza mji wa mimba, na za kuzuia degedege la kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mama kuzaa kwa kifaa cha kuvuta, na kumhuisha mtoto kwa mfuko na barakoa. Swali ni moja: kila moja imefanyika ndani ya miezi mitatu iliyopita? Kama haikufanyika, kwa nini: hakukuwa na mgonjwa, dawa, kifaa, au mtu anayejua? Katika zahanati nyingi mfuko wa kumpulizia mtoto hewa upo, ukiwa ndani ya nailoni yake. Sababu mara nyingi ni mafunzo yaliyofanyika mara moja, miaka iliyopita, hotelini, kwa mtu ambaye sasa amehamishwa.

Ndugu zangu, sehemu ngumu zaidi, na ndiyo tunayoikimbia, ni kupima kinachotokea ndani ya chumba cha daktari. Zipo njia nne, na kila moja ina kasoro yake, kwa hiyo zitumike kwa kukamilishana.

Ya kwanza ni kukaa chumbani na kutazama. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifanya hivyo Arusha na wakaonyesha jambo ambalo kila mkaguzi analihisi: mganga anapoona mgeni mwenye daftari, anauliza na kupima zaidi ya kawaida yake, na kadiri wagonjwa wanavyoendelea kuingia anarudi taratibu kwenye kazi yake ya kila siku. Funzo kwa wasimamizi ni wazi. Ukaguzi wa dakika 20 unapima uwezo wa mtu kujionyesha. Kaeni nusu siku au zaidi, na wagonjwa wa mwanzo msiwaingize kwenye hesabu.

Ya pili ni mgonjwa wa kwenye karatasi. Mkaguzi mmoja anaigiza mgonjwa, mwingine anaandika: mtoto anayeharisha aliyeishiwa maji, nimonia, kifua kikuu, kisukari, malaria yenye upungufu wa damu, mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, kichanga asiyepumua. Mganga anauliza anachotaka, anataja vipimo, ugonjwa na dawa. Hii inapima anachokijua. Ukiiweka pamoja na ulichokiona chumbani, unapata pengo kati ya ujuzi na utendaji. Pengo hilo ni namba muhimu mno kwa anayepanga bajeti, kwa sababu mganga asiyejua anahitaji mafunzo, lakini mganga anayejua na hafanyi hatasaidiwa na semina ya tano. Huyo anahitaji wenzake wa kusaidiana kazi, saa ya kuhesabia pumzi, msimamizi anayerudi, au mshahara usiochelewa.

Ya tatu ni kupitia mafaili na vitabu. Ni rahisi, lakini inapima uandishi kwanza na tiba baadaye. Chati ya uchungu iliyojazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko uleule usiotetereka, saa nane mfululizo, imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa.

Ya nne, ambayo naipenda kwa gharama yake ndogo, ni kumhoji mgonjwa anapotoka. Inaharibika tukiuliza vibaya. Ukimuuliza mama "umeridhika na huduma?" atasema ndiyo, kwa adabu, na kwa sababu atarudi hapo kesho kutwa na mtoto mwingine. Muulize kilichotendeka. Je, mtoto alipimwa uzito leo? Alivuliwa nguo kifua kikaonekana? Mhudumu alihesabu pumzi akitazama saa? Aliuliza kama mtoto anaweza kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege? Alikuambia dalili zipi zikitokea urudi haraka? Umepewa dawa gani, na utampa vipi? Kisha fungua pakiti mtazame pamoja. Mahojiano yafanyike mbali na dirisha la dawa, na mhojaji asivae koti jeupe.

Kuhesabu pumzi nakutaja kwa makusudi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa miezi 12 hadi 59 anayepumua mara 40 au zaidi, akiwa na kikohozi au shida ya kupumua, anatibiwa nimonia. Kazi yenyewe ni dakika moja kamili na mtoto ametulia. Haihitaji maabara wala umeme. Ndiyo maana kinafaa sana kuwa kiashiria cha ubora: kituo kisichohesabu pumzi hakiwezi kusema kimezuiwa na ukosefu wa vifaa vya gharama. Na pale isipofanyika, kila kikohozi kinapewa antibayotiki na kila homa inapewa dawa mseto hata kipimo cha haraka cha malaria kikisema hakuna.

Tunao uzoefu wetu wa kitaifa wa kupima kila kituo. Mwaka 2015/16, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, vituo 6,993 vya afya ya msingi vilipewa nyota. Asilimia 34 vilipata sifuri, na vilivyofika nyota 3 au zaidi vilikuwa asilimia 2 tu. Serikali ilitangaza matokeo hayo hadharani, na huo ulikuwa ujasiri. Upimaji wa 2017/18 ulikuta sifuri imeshuka hadi asilimia 4, na nyota 3 kwenda juu imepanda hadi asilimia 20. Lengo lilikuwa asilimia 80, hivyo hatukulifikia, lakini ilionekana kwamba kituo kikipewa matokeo yake pamoja na mpango wa maboresho, kinasogea. Kilichosogea haraka zaidi ni kile kinachoweza kurekebishwa kwa rangi, kabati, mbao za matangazo na mihtasari ya kamati. Hilo ni la kawaida: fomu ikiwa na maswali mengi kuhusu jengo na machache kuhusu tiba, watu watajenga. Awamu zijazo zitoe uzito mkubwa kwa mambo niliyoyataja, pumzi zilizohesabiwa, presha iliyopimwa kwa mjamzito kila hudhurio, oksitosini iliyotunzwa, kichanga aliyehuishwa. Na alama za jumla zisiruhusu ofisi safi kufidia leba chafu.

Kitaifa, tafiti za kaya zinabaki kuwa mzani wetu, lakini tujue zinapima nini. Ule wa 2022 ulichagua maeneo 629 na kaya 26 katika kila eneo. Unatosha kusema jambo kuhusu mkoa. Hautoshi kusema jambo kuhusu halmashauri, na kwa vifo vya uzazi hautoshi hata kwa mkoa. Utafiti huo ulitoa vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti uliotangulia. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa mwaka 2020, yalikadiria 238. Viongozi huuliza ipi ni ya kweli. Utafiti unawauliza wanawake kuhusu dada zao waliofariki katika miaka iliyopita, vifo vinavyopatikana katika sampuli ni vichache, na ukingo wa makosa ni mpana. Makadirio yanachanganya vyanzo kadhaa kwa hesabu za mifumo. Vyote vinaonyesha kushuka. Hakuna kati ya hivyo kitakachomwambia Mganga Mkuu wa Wilaya kama robo hii imekuwa bora kuliko iliyopita. Kwa hilo anahitaji kila kifo cha mama na kila kifo cha kichanga kijadiliwe ndani ya wilaya yake, kwa jina la kituo, saa kwa saa, katika kikao ambacho mkunga hatatoka amefukuzwa kazi kwa kusema ukweli.

Kwa ngazi ya halmashauri kuna njia nafuu ambayo haitumiki vya kutosha. Gawanya halmashauri katika maeneo matano ya usimamizi. Katika kila eneo chagua kwa bahati nasibu akina mama 19 wenye watoto chini ya mwaka mmoja, kaya moja kutoka kila sehemu iliyochaguliwa kwa uwiano wa watu. Uliza maswali kumi, yasizidi. Kama lengo ni asilimia 80, eneo lenye majibu 13 au zaidi ya "ndiyo" limefaulu; chini ya 13 linahitaji msaada kwanza. Jumla ya akina mama 95 inawapa makadirio ya halmashauri nzima yenye ukingo wa takribani asilimia 10 juu au chini. Wadadisi watano na vishikwambi vyao wanaweza kuimaliza kazi ndani ya siku chache. Inaharibika pale mdadisi anapochagua kaya za kando ya barabara, au mtendaji wa kijiji anapomchagulia. Bahati nasibu ichezwe ofisini kabla ya safari, na kaya iliyofungwa irudiwe jioni kabla ya kuhama.

Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na mpangilio wake wa vituo, kwa hiyo tunaposema "nchi nzima" pande zote mbili zikubaliane mapema juu ya tafsiri ya kila kiashiria, la sivyo tutajumlisha vitu visivyofanana.

Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Hilo limebadilisha maana ya kipimo. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo sasa wana uwezo wa kununua betri za mashine ya presha wenyewe, wiki hii, bila kusubiri makao makuu. Lakini hawawezi kununua wasichojua kuwa kimekosekana. Kwa hiyo ombi langu kwa timu za usimamizi za halmashauri linahusu robo ijayo. Kila zahanati iliyokaguliwa ipokee, kabla gari la wasimamizi halijaondoka uwanjani, karatasi moja: mambo matatu yaliyopungua, namba yake ya leo, nani atayashughulikia, kwa fedha ipi, na tarehe ya kurudi kuangalia. Nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kamati ya kituo, mwananchi, ili asome kwenye mkutano wa kijiji. Ziara inayofuata ianze na karatasi hiyo, kabla ya kufungua fomu mpya.

Asanteni kwa kunisikiliza. Waratibu wa MTUHA, tukutane hapa mbele baada ya chai, tuanze na orodha ya vituo ambavyo majira yao ya nukta hayajahakikiwa.